Tawi la Breki

Sogeeni hapa jikoni, wajukuu zangu. Aliye mlangoni aingie na mlango aurudishie. Wewe mwenye redio, izime. Hadithi hii haitaki kusemewa juu. Nikinyamaza katikati msinihimize, na mkisikia mtu anaitika huko nje, msimjibu.

Eliezeri alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo, kule Vudee mlimani. Haya alinieleza mwenyewe kwa kinywa chake, mwaka mmoja kabla hajafa, ameshika kikombe cha uji ambao hakuunywa.

Ilikuwa miaka ile mitumba ilipoanza kuruhusiwa. Kabla ya hapo tulifua kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Ghafla maduka ya Same yakajaa vitu, vinang'aa, nasi tunavitazama tu kama mtu anavyoutazama mwezi. Eliezeri alikuwa na baiskeli yake ya Kichina, nzito kama ndama, na raba za breki zilishakwisha siku nyingi. Alichonga nyingine kwenye tairi kuukuu, hazikushika. Kwa hiyo akawa anashuka mlima kwenda Same kama walivyoshuka wenzake: mzigo wa tangawizi kwenye keria, nyuma ya keria kamba, na kwenye kamba tawi bichi lenye majani yake, linaburuzwa. Tawi ndilo breki. Mteremko ukizidi, tawi linataka uzito. Na uzito wa Eliezeri ulikuwa mwanawe, Hezroni, mtoto wa miaka saba.

Hezroni alikaa juu ya tawi, miguu kaipanua, visigino vinachimba udongo. Kila Jumamosi mama yake, Dorkas, aligomba. "Unamfanya mwanangu jiwe."

"Mama Hezroni, jiwe halicheki," Eliezeri alijibu. "Huyu anacheka kutoka hapa mpaka Same."

Na kweli alicheka. Wiki nzima mtoto yule hakuwa na habari nyingine ila Jumamosi. Baba alimfundisha kulalia upande wa mlima kwenye kona, kuinua miguu penye mawe, kufumba mdomo penye vumbi. Na kwa kuwa mteremko hauruhusu mtu kugeuza shingo, walikuwa na mtindo wao. Kila kona baba anauliza, "Upo?" Mtoto anajibu, "Nipo, baba." Jioni wakirudi, baba anasukuma baiskeli, mtoto anasukuma kwa nyuma, wanafuata alama zao za asubuhi: ufagio mpana wa majani, na katikati mistari miwili ya visigino. "Saini yangu hiyo," mtoto anasema. Wiki ya mkasa wenyewe alikuwa ameng'oka meno mawili ya juu, basi akisema saini, upepo unatoka.

Jumamosi hiyo kulikuwa na ukungu. Kando ya njia watu walishamaliza matawi kwa kuni, na lori la mnunuzi wa tangawizi lilikuwa linaondoka Same saa sita. Mahali pekee palipobaki na tawi nene ni mpungi, kile kimsitu cha ukoo ambamo wazee wa zamani walitambikia. Humo hakukatwi hata fimbo ya kufukuzia mbuzi. Na si kwa ajili ya wazee tu. Zamani mtoto akiota meno ya juu kabla ya ya chini aliitwa kigego, mkosi wa nyumba. Alipelekwa mpungini, akaachwa. Dini ilipokuja mambo hayo yakakoma. Lakini waliokwisha kuachwa, hakuna aliyekwenda kuwachukua.

Eliezeri aliimba sauti ya nne kanisani. Akasema tawi ni tawi. Akaingia na panga, akatoka na tawi.

Njiani akakutana na mama yake, Bibi Beatha, anatoka mtoni. Bibi akalitazama lile tawi, akatua ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hilo usimkalishe mtoto."

"Nitalirudisha jioni, mama. Lori linaniacha."

"Lirudishe zima," Bibi Beatha akasema. "Sikia. Zima."

Mtoto alikwisha kukaa.

Kona ya kwanza. "Upo?"

"Nipo, baba." Na nyuma ya sauti hiyo, ndogo, kama imetoka kisimani: "Nipo, baba."

Eliezeri akajua ni mwangwi. Pale kuna mwamba.

Kona ya pili hakuna mwamba. Kuna shamba la maharage tu. "Upo?"

"Nipo, baba." "Nipo, baba."

Tawi lilikuwa linashika vizuri kuliko siku zote. Alifurahi. Hilo aliniambia akiwa ameinamisha kichwa: alifurahi.

"Baba," Hezroni akasema, "kuna mtoto amekaa na mimi."

"Mdai nauli."

"Hana nguo. Anatetemeka."

"Wewe shika kamba, acha utani."

Wakashuka. Ukungu ukawa mzito, gurudumu la mbele likawa halionekani vizuri. Nyuma, mtoto hakuwa anacheka. Alikuwa ananong'ona na mtu, na mtu anamnong'oneza.

"Baba. Anasema nimpishe. Anasema yeye hajawahi kupelekwa kwao."

Hapo walikuwa wanakaribia kona ya jiwe kubwa, pale penye korongo. Eliezeri mikono ilikuwa inamuuma, jasho linamwingia machoni, na lori liko kichwani. Akacheka kidogo.

"Mpishe basi, twende."

Tawi likawa jepesi. Baiskeli ikaruka mbele kama imekatwa kamba. Halafu uzito ukarudi.

"Upo?"

Majani tu yanakwaruza.

"Hezroni. Upo?"

"Nipo, baba."

Sauti moja. Mwangwi haukuwepo tena.

Same walifika kabla ya saa sita. Tangawizi ikapimwa, lori likaondoka, mambo yote sawasawa. Pale stendi alikuwepo mama mmoja, Mwamvita, mtu wa Tabora aliyeletwa huku na kazi za mkonge, kisha akaanza kukaanga chapati. Desturi yao washuka mlima ni hiyo: ukifika, tawi lako unampa mama wa chakula kwa kuni, naye anakupa chai na chapati. Mikono ya Eliezeri ilishazoea. Alilifungua tawi, akampa. Maneno ya mama yake hayakumjia hata kidogo. Mwamvita akalikata kwa shoka vipande vitatu, akavisukumia jikoni.

Mtoto alisimama kando ya baiskeli. Sweta halikuwa na vumbi. Visigino vilikuwa safi.

"Baba Hezroni," Mwamvita akasema, "kuni zako leo zinalia."

"Mbichi hizo."

"Mbichi zinafuka. Hizi zinalia."

Eliezeri akala chapati. Ilikuwa tamu. Akala na ya mtoto, kwa kuwa mtoto alisema hataki, naye hakutaka kusogea karibu na moto. Kisha akageuka kukunja magunia, akaupa mgongo uwanja wote, na kwa mazoea tu ya kazi akauliza:

"Upo?"

"Nipo, baba."

Sauti ilitoka jikoni.

Mwamvita akadondosha mwiko. Eliezeri aliingiza mikono yote miwili ndani ya moto, wakamwagia maji, akatoa kipande kimoja, kimeungua nusu, kipande cha kamba bado kimekiganda. Akakipakata.

"Upo?"

"Nipo." Kwa mbali.

"Upo, mwanangu?"

Majivu yakachemka kidogo. Basi.

Aliinua macho. Yule aliyesimama kando ya baiskeli alikuwa anamtazama, anatabasamu. Meno yake ya juu yalikuwa yote.

"Twende nyumbani, baba," akasema.

Walipanda. Eliezeri alisukuma, yule akasukuma kwa nyuma, na baiskeli haikuwa na uzito wowote. Njia nzima Eliezeri alitazama chini. Kuanzia bondeni, ufagio wa majani peke yake. Walipofika kona ya jiwe ndipo alipoiona mistari miwili ya visigino inakuja kutoka juu, imenyooka, halafu inaingia ardhini, imechimbwa kwa nguvu zote za mtoto, kiasi cha kiganja kushuka chini. Hapo ikaishia.

Bibi Beatha alikuwa anawangoja kando ya njia. Hakumsalimu mtoto.

"Nani alimpisha?"

"Mimi, mama."

"Kwa kinywa chako?"

"Kwa kinywa changu."

"Basi hakuiba." Akaangalia kile kipande cheusi mikononi mwa mwanawe. "Na lingerudi zima, ningejua pa kuanzia."

Ndani, Dorkas alikuwa amepika. Yule akaingia, akasema shikamoo mama, akapanda mapajani mwake. Dorkas akamshika taya, akamfungua kinywa, akatazama. Alitazama muda mrefu. Mwili wote wa mtoto ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Eliezeri alikuwa mlangoni na panga, anangoja neno la mke wake.

Dorkas akavuta khanga, akamfunika.

"Wewe umeshamtupa mmoja leo," akamwambia mumewe. "Huyu alitupwa zamani. Mimi simtupi mara ya pili."

Tangu siku hiyo hakumtamkia mumewe neno jingine, miaka kumi na moja, mpaka alipomfumba macho.

Shamba na nyumba alirithi yule, kwa jina la Hezroni. Yupo, ana watoto, hana ugomvi na mtu. Mkimpa mkono mtasikia baridi. Baiskeli Eliezeri aliishusha tena Same mara moja tu, akamwachia Mwamvita, ikala kutu ukutani. Kile kipande cha kuni alikichukua Dorkas, akazikwa nacho kifuani, kimefungwa kwenye sweta la Hezroni.

Kamba ya lile tawi nilirithi mimi. Iko darini hapo, juu ya kichwa chako wewe uliyekaa karibu na mlango. Msiiguse. Ukiivuta, nayo inakuvuta.