Kofia ya Tano

"Kwani wewe, Mejumaa, ni raia wa Uingereza?"

Jirani yangu Naomi aliniuliza swali hilo asubuhi moja. Alisimama mlangoni pangu na bakuli la viazi karai. Nyumba zetu zinatazamana hapa Mji wa Kale, Mombasa. Yeye hupika viazi na kuviuza kando ya njia. Mimi hushona kofia za viua.

"Uraia wa Uingereza niutoe wapi?" nikamjibu. "Hata pasipoti sina."

"Basi mbona wawalipia kodi?"

Sindano ilisimama mkononi.

Kofia ya kiua haishonwi kwa mashine. Unachora nakshi, unatoboa tundu moja moja, kisha kila tundu unalizungushia uzi kwa mkono. Kofia moja nzuri hula mwezi mzima. Macho huuma, shingo hukakamaa. Lakini kazi hii ndiyo iliyotulisha tangu mume wangu afariki. Ndiyo iliyompeleka binti yangu, Swafia, kwenye chuo cha ufundi kule upande wa Buxton, mtaa wa hapa hapa Mombasa. Anasomea umeme.

Mnunuzi wetu alikuwa duka moja la Leicester, Uingereza. Sisi wenyewe hatukulijua. Aliyelijua ni Athmani, mtoto wa ndugu wa marehemu mume wangu. Alikuwa akija kuchukua kofia zangu na za wanawake wenzangu watatu, anazisafirisha, kisha anatuletea malipo yetu.

Mwaka jana alikuja, akanywa chai, akatikisa kichwa.

"Mama, mambo yameharibika," alisema. "Serikali ya Uingereza imeleta kodi mpya. Katika kila kofia tano, moja yaenda kwa kodi. Si mimi. Ni wao."

Nilikasirika sana siku ile. Babu yangu aliwalipa Waingereza kodi ya kichwa enzi zao. Nikasema, hawa watu bado hawajashiba? Tukawatukana, kisha tukaendelea kushona. Kila kofia ya tano tukaiita kofia ya Mzungu. Tuliitoboa na kuizungushia uzi kama zile nyingine, lakini malipo yake hatukuyaona.

Utaniuliza, mbona hamkuuliza? Hapa kwetu, mwenye magunia ya nazi akifika sokoni, ushuru ni juu yake. Tukadhani na kule ni vivyo hivyo, mwenye mzigo ndiye mlipaji. Na kulikuwa na haya. Athmani ni mtoto wa nyumba, na kazi ametutafutia yeye. Kumpita na kumuuliza mnunuzi tuliona ni kama kumvua nguo hadharani.

Kisha karo ya Swafia ikapelea. Mtoto akaniambia kwa upole, "Mama, mwaka huu nitakaa nyumbani. Nitakusaidia kushona, ukae vizuri kidogo."

Naomi alisikia maneno hayo akiwa kwake. Ndiyo maana akaja na swali lake.

"Mimi mambo ya kodi siyajui," aliniambia. "Lakini Khatija anayajua. Si anafanya kazi kwa watu wa kupitisha mizigo bandarini? Tukamuulize."

Baada ya sala ya alasiri tulikwenda, mimi, Naomi na Swafia. Khatija anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alitukaribisha, akatutilia sharubati, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama Swafia," alisema, "nani alikwambia kodi hiyo ni yenu?"

"Mtoto wa shemeji yangu."

Khatija akamgeukia Naomi. "Ukinunua sabuni dukani, kodi ya VAT anailipa nani? Mwenye kiwanda?"

"Mwenye kiwanda wapi," Naomi akasema. "Imo ndani ya bei. Nalipa mimi mwenye nguo chafu."

"Ndivyo ilivyo. Kodi ile hupita mikononi mwa wenye kiwanda na wenye maduka, lakini mwisho humwangukia mnunuzi wa mwisho. Uingereza ni vivyo hivyo. Kule ni asilimia ishirini."

"Asilimia ishirini ni moja katika tano," Swafia akasema polepole.

"Naam. Aliyewaambia aliijua hesabu, akaigeuza upande. Na kodi hiyo si mpya. Iko ishirini kwa miaka mingi sasa."

Nikamuuliza, "Lakini mzigo ukiingia kule, si lazima mtu alipe?"

"Duka hulipa. Duka likiwa limesajiliwa kwa kodi hiyo, kile lilicholipia mzigo linakikata katika hesabu zake na serikali. Kisha likiuza, linaiongeza kodi juu ya bei. Anayeivaa kofia ndiye aliyeilipa. Wewe uliyeishona haikuhusu."

"Na ushuru wa forodha?"

"Huo ni mwingine. Kenya na Uingereza zina mkataba wa biashara. Kitu kilichotengenezwa hapa, kikitimiza masharti na kikiwa na uthibitisho kwamba kimetoka hapa, kinaingia bila ushuru huo. Gharama ya ndege ipo, hiyo ni kweli. Lakini gharama ya ndege si kodi, na ina risiti."

"Kwa hiyo sisi hatudaiwi na mtu?"

Khatija akacheka. "Mnadaiwa, Mama Swafia, lakini kwenu. Kipato chenu kikifika kiwango cha sheria, Kenya ina kodi yake, na mtaitangaza wenyewe. Yako utailipa. Ya mwenzako usibebeshwe."

Mwaka mzima nilikuwa nimewakasirikia watu ambao hata hawajui kama nipo. Sasa hasira ikanigeukia ndani ya kifua, ikamtafuta mwenyewe.

"Piga simu kwa mwenye duka," Khatija akasema.

"Tutakuwa tumempita Athmani."

"Kuuliza thamani ya jasho lako si kumpita mtu."

Swafia aliandika kwenye simu yake kofia za viua na jina la Leicester, duka likatokea. Picha za kofia zetu zilikuwepo, na nambari ya simu chini yake. Jambo lilikuwa jepesi hivyo, wala hatukuwahi kulifikiria. Mwenye duka alipokea. Jina lake ni Badruddin, na kumbe alizaliwa papa hapa Mombasa. Kiswahili chake hakijaharibika. Swafia aliweka sauti juu tusikie sote, nami nikamuuliza habari ya kodi.

"Kodi?" alisema. "Mama yangu, mimi nawalipa kofia zote. Sijapunguza hata moja. Kodi naiweka juu ya bei ya mteja wangu. Na mwaka jana niliwaongezea bei kwa sababu kazi yenu ni safi. Athmani hakuwaambia?"

Naomi akanigeukia.

"Athmani si anakaa hapo Makupa?" aliuliza. "Basi Uingereza yenyewe iko Makupa."

Swafia alicheka, mimi sikuweza. Huyu Swafia ni yatima. Baba yake na baba yake Athmani walinyonya ziwa moja. Mali ya yatima ni moto, na Athmani aliila akinywa chai yangu. Mgeni wa mbali akikudhulumu, utalia. Wa nyumbani akikudhulumu, hata machozi yanaona haya kutoka.

Hatukwenda kumpigia mtu kelele. Tulikwenda kufanya kazi. Sisi washonaji wanne tulisajili kikundi na tukafungua akaunti ya benki kwa jina lake. Khatija alituonyesha ofisi ya kuombea uthibitisho wa asili ya bidhaa. Mzigo wa kwanza tuliufunga wenyewe, na Badruddin akalipa moja kwa moja kwenye akaunti. Kofia tano, malipo matano. Gharama ya ndege tulilipa, na risiti tunayo. Sasa mtu akitutajia kodi, tunamuuliza ni kodi gani, inamwangukia nani, na risiti iko wapi.

Swafia alirudi chuoni siku masomo yalipofunguliwa.

Jioni moja Athmani akaja. Alivua viatu mlangoni, akaketi. Swafia alimletea chai, kisha akakaa kando yangu na vitabu vyake.

"Mama, nasikia mmenipita," alisema. "Mimi ndiye niliyewafungulia njia."

"Ni kweli uliifungua. Allah akulipe kwa hilo. Sasa niambie, kofia ya tano ilikuwa ikienda wapi?"

"Kuna gharama nyingi, Mama. Wewe huzijui. Kuna simu, kuna nauli, kuna mambo ya watu."

"Ungalisema gharama, tungalizungumza gharama. Ulisema kodi."

"Ni kama kodi tu."

"Si kama kodi. Kodi mtu hulipa ikajenga barabara. Hii ilijenga nini, Athmani?"

Alikoroga chai ambayo tayari ilikuwa imekorogwa.

"Sikiza, mwanangu," nikamwambia. "Mizigo yetu inahitaji mtu wa kuifikisha uwanja wa ndege. Ukiitaka kazi hiyo, taja ujira wako hapa, mbele ya huyu mtoto. Ukiwa wa haki tutaukubali, na kila mwezi utalipwa. Lakini zile kofia zilizopita zilikuwa karo yake. Mwambie yeye utazirudisha vipi."

Swafia alifunga kitabu, akamtazama. Hakuwa na uso wa hasira. Alikuwa akingoja tu.

Athmani alimtazama mara moja. Aliweka kikombe chini, kikiwa bado kimejaa. Akainuka, akavaa viatu vyake mlangoni, akatoka.