Kilo Mbili za Mpira

Sauti ya kwanza ilimwambia ashinde. Ya pili nayo ilimwambia vilevile.

Hilo ndilo lililomkera Lorién Buisán, akiwa kwenye mwendo wa kilomita mia mbili kwa saa, usukani wa gari lake la Cupra ukimtetemekea mikononi. Miaka minane ya ujasusi, na hajawahi kupewa amri moja na mwizi na serikali kwa pamoja.

Sauti ya kwanza ilitoka kwenye redio ya kofia. Ilikuwa ya Don Baltasar Fontclara, mwenye timu.

"Imebaki mizunguko mitano, kijana wangu. Uko wa pili. Msubiri Quim kwenye kona ya kumi na mbili. Huwa anakosea pale."

"Sawa, mzee."

Sauti ya pili ilitoka kwenye kidude kidogo kama punje ya dengu, kilichofichwa ndani ya sikio la kushoto. Ilikuwa ya Maravillas Otegi, mkuu wake katika Idara ya Ujasusi, aliyeketi ndani ya gari la wagonjwa lisilo na mgonjwa nyuma ya jukwaa.

"Punje inasikika?"

"Inasikika."

"Ushinde. Kisha ufanye tulivyosema."

Lorién akabadilisha gia. Tangu asubuhi hakuwa na hamu ya kumjibu mwanamke yule.

Asubuhi alikuwa akila migas, makombo ya mkate ya kukaanga, na zabibu katika mkahawa wa mtaani kwao, hapo hapo Alcañiz, watu wakimpiga mabega kwa furaha. Miaka thelathini na tisa, mtoto wa nyumbani, mashindano sita, ushindi sita! Simu ikalia.

"Mbio zote sita zilinunuliwa," alisema Otegi, bila hata salamu. "Fontclara humlipa Quim Rovellat wa timu pinzani akupishe. Tumenasa mazungumzo yao."

Lorién akaweka uma chini.

Ikumbukwe huyu bwana alikotoka. Akiwa na miaka tisa alikuwa bingwa wa vigari vya watoto. Akiwa na miaka ishirini alikuwa Italia, akilala ndani ya karakana, akiwashinda watoto wa matajiri ambao baadaye walipanda wakamwacha chini, kwa sababu baba zao walikuwa na viwanda na wake alikuwa na mizeituni. Siku moja tu, moja katika maisha yake, alijaribishwa gari kubwa kabisa la mbio. Aliendesha vizuri. Kiti akapewa mwingine. Baada ya hapo akawa anawazungusha watalii viwanjani, wakitapika kwenye viti. Idara ilimkuta hapo. Dereva wa mbio huvuka mipaka na malori na masanduku, na hakuna anayemuuliza kitu. Alikubali kwa sababu walimwahidi kwamba ataendelea kushika usukani.

Kisha mwaka huu ukaja msimu wa maajabu. Alidhani uzee umemkomaza. Kumbe alikuwa amevishwa kilemba cha ukoka mara sita, na yeye akakivaa na kujitazama kwenye kioo.

"Kwa nini anilipie ushindi?" aliuliza.

"Kwa sababu ya vyuma."

Hapo akaelewa. Katika mashindano haya mshindi huadhibiwa kwa uzito. Kila ukishinda, gari lako huongezewa kilo kumi za vyuma, hufungiwa kwenye sanduku sakafuni, wasimamizi wanavihesabu na kupiga lakiri yao. Ushindi sita ni kilo sitini. Na gari linaloshinda shindano hili la saba husafirishwa na waandaaji wenyewe kwenda kwenye fainali ya Moroko, ndani ya kontena ambalo forodha hailifungui.

"Vyuma vyake ni vitupu ndani," aliendelea Otegi. "Amevijaza macho ya kuongozea droni, yale yaliyoibwa kiwandani mwezi wa tatu. Wanunuzi wanangoja ng'ambo. Ukishinda leo, linasafiri gari lako. Ukishindwa, linasafiri la Quim, na Fontclara ataupitisha mzigo mahali tusipopajua. Tutausikia tena siku utakapoanza kuua watu."

"Leteni kibali cha jaji mfungue."

"Tumeleta viwili. Vyote alivijua kabla wino haujakauka. Ana mtu wake ndani ya polisi. Lakini wasimamizi hawahitaji jaji kuivunja lakiri yao. Wanahitaji sababu tu, na sababu utawapa wewe."

Akamweleza. Lorién akasukuma sahani pembeni.

Kona ya kumi na mbili ikafika. Quim Rovellat, kijana wa Olot, mwepesi wa mguu na wa ulimi, aliipita kama maji kwenye mfereji. Hakukosea hata kwa upana wa kidole.

Redio ikakwaruza.

"Mbona hajakosea?" Don Baltasar aliuliza, kama mtu aliyefika dukani akakuta pamefungwa.

"Sijui, mzee. Labda amejifunza."

Mzunguko uliofuata, vilevile. Na uliofuata.

"Mshenzi huyu!" Don Baltasar alianza, kisha akajikumbuka. "Nasema... anaendesha vizuri leo."

Otegi alimnong'oneza sikioni. "Baba yake Quim amekuja kumtazama. Mara ya kwanza. Tumemwona jukwaani na kofia ya timu ya mwanawe. Nadhani kijana ameona haya."

Lorién alicheka ndani ya kofia, kicheko kikavu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, husema wenye vikombe. Yeye leo amri ya serikali ilimkataza kukubali. Na aliyekuwa mbele yake alikuwa ameamua kutoiuza siku yake. Maana yake, kwa mara ya kwanza msimu huu, ilimbidi amshinde mtu.

Mzunguko wa mwisho.

Gari lake lilikuwa zito kuliko la Quim kwa karibu kilo sitini. Kwenye kila kona Quim alimwacha kwa urefu wa mtu. Palibaki mahali pamoja tu, njia ndefu iliyonyooka kuelekea kona ya mwisho. Na cierzo ilikuwa inavuma.

Upepo ule wa kaskazini-magharibi wageni huulaani tu. Waliozaliwa Alcañiz hukua nao, huanika nguo kwa ratiba yake. Lorién alijua kwamba cierzo haisukumi moja kwa moja. Hupiga, hupumua, kisha hupiga tena.

Leo ilikuwa ikija usoni. Akajibanza nyuma ya gari la Quim, karibu kabisa, mahali ambapo upepo haukumgusa. Quim alikuwa akiubeba upepo wote peke yake, na gari lake likawa linagoma.

"Toka sasa!" Don Baltasar alifoka.

Hakutoka. Alikuwa akiitazama bendera ya waandaaji juu ya kibanda cha wasimamizi. Ilikuwa imenyooka kama ubao.

Ikalegea.

Akatoka. Cupra ikaruka mbele kana kwamba imefunguliwa kamba. Wakaenda ubavu kwa ubavu, vioo vikigongana. Quim alikanyaga breki kwenye alama ya mita mia. Lorién alihesabu moja zaidi kisha akakanyaga. Matairi yakalia, nyuma ikateleza, akaisawazisha kwa kiganja tu, kama alivyokuwa akifanya Italia akiwa na miaka ishirini na njaa.

Bendera ya mwisho. Wa kwanza.

Alilia. Hakuna haja ya kulificha hilo. Hakuna mtu aliyempa ushindi huu. Alikuwa ameukamata mwenyewe, mbele ya mtaa wake, na furaha ilimjaa kifuani hadi ikauma. Ilidumu nusu dakika.

"Hongera, mwanangu, hongera," Don Baltasar alihema. "Sasa rudi polepole. Pita nje ya mstari. Okota mpira."

Kila dereva hufanya hivyo. Matairi yanayolika hutupa vipande vya mpira pembeni mwa njia, na ukirudi polepole ukavipitia, tairi la moto huvinasa. Huongeza kilo mbili, pengine zaidi. Mshindi ndiye hupimwa, naye hataki kukutwa pungufu kwa sababu ya mafuta aliyochoma. Ni desturi. Hata anayejifunza huambiwa siku ya kwanza.

Lakini safari hii mpira ulikuwa zaidi ya desturi. Tamaa ilikuwa imemponza Don Baltasar. Ili macho ya droni yaenee, alitoa madini ya risasi yaliyokuwa yakijazia uzito. Vyuma vyake vilipungua kilo mbili, na deni hilo la uzito alipanga lilipwe na takataka za barabarani.

Lorién alipita katikati ya mstari, pale palipo safi.

"Nje, nasema. Nje ya mstari!"

"Sikusikii vizuri, mzee."

"Unanisikia."

Kona ya tatu. Kona ya nne. Upande wa kulia vipande vya mpira vilikuwa vimelala vyeusi, vingi, tele. Angegeuza usukani kidogo tu. Mzani ungesema sawa, kikombe kingekuwa chake, na kontena lingeondoka na yeyote atakayekufa ng'ambo asingekuwa na jina analolijua yeye.

"Umenyamaza," alisema Otegi.

"Nawaza."

"Usiwaze, Lorién."

"Wewe ulishawahi kushinda kitu chochote, mama?"

Kona ya tisa ikapita. Kona ya kumi na mbili ikapita. Matairi yalibaki safi.

Kwenye redio, sauti ya Don Baltasar ilikuwa imeshuka, imetulia, na kwa hivyo ikatisha zaidi.

"Lorién. Wewe ni nani hasa?"

"Dereva wako."

Banda la mzani lilikuwa na harufu ya mafuta na breki zilizoungua. Msimamizi wa mzani alikuwa Doña Visi Gargallo, mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Calanda, kimo cha mtoto wa darasa la tano. Kumhonga yeye kulikuwa sawa na kuuhonga mzani wenyewe.

"Kaa ndani, kofia kichwani," aliagiza. "Sheria ni kilo elfu moja mia tatu na arobaini, pamoja na dereva."

Namba zikacheza, zikatulia. 1,337.8.

"Rudia, Doña Visi," Don Baltasar alisema kutoka mlangoni, akitabasamu kwa meno tu. "Upepo huu unainua hata mzani."

"Mlango umefungwa, bwana. Humu hamna upepo." Alirudia. 1,337.8. "Nivunjieni lakiri. Nataka kupima chuma kimoja kimoja."

"Mama, hakuna haja hiyo."

"Lakiri ni yangu."

Mlinzi wa Don Baltasar, jibaba moja liitwalo Cosme, alitia mkono ndani ya koti. Bastola aina ya Star ikachomoza.

Lorién alikuwa ameshatoka garini, kofia mkononi.

Pigo moja, kwenye kifundo cha mkono. La pili, chini ya sikio. Cosme alikaa sakafuni kama gunia, na bastola ikateleza hadi miguuni mwa Doña Visi. Ajuza yule aliisogeza pembeni kwa ncha ya kiatu, akaendelea kuandika.

Mafundi wawili wa mzani walivua makoti ya kazi. Chini yake walikuwa na vitambulisho vya Idara.

Lakiri ikavunjwa. Chuma cha kwanza kilipopasuliwa, macho madogo ya kioo yalimwagika mezani, yaking'aa. Cha pili. Cha tatu. Macho mia mbili na arobaini kwa jumla.

Don Baltasar alinyoosha mikono afungwe pingu bila fujo. Alimtazama Lorién tu.

"Nilikupa ushindi sita. Katika maisha yako yote, nani mwingine aliwahi kukupa hata mmoja?"

"Wa saba hukunipa wewe."

"Ni kweli," alisema Don Baltasar. "Huo umeutupa mwenyewe."

Wakamtoa kwa mlango wa nyuma. Otegi alinong'ona sikioni mwa Lorién, "Kazi safi," kisha akasema jambo jingine kwa mtu mwingine.

Doña Visi alikuja na karatasi.

"Haya ya polisi mimi siyajui, mwanangu. Najua mzani. Gari ni pungufu kilo mbili na gramu mia mbili, na lina vyuma vya udanganyifu. Umefutiwa matokeo ya leo na ya msimu wote. Leseni yako naichukua. Una la kujitetea?"

Kalamu yake ilikuwa inangoja. Lorién alijua neno moja tu lingetosha.

"Huna," alisema Otegi sikioni. "Mtu wa Fontclara bado yuko ndani ya polisi. Akikujua, tumempoteza."

"Sina, mama."

"Nilikuwa nakuona dereva safi," alisema Doña Visi, na akaichukua leseni kwa masikitiko, kama mwalimu anayekamata karatasi ya kuibia mtihani mikononi mwa mwanafunzi aliyempenda.

Kipaza sauti kilitangaza. Mshindi, Quim Rovellat. Buisán amefutwa kwa udanganyifu. Jukwaa likaanza kuzomea, na wazomeaji walikuwa wale wale wa mkahawa wa asubuhi. Lorién alichokoa punje sikioni, akaitupa kwenye pipa.

Quim alimfikia nyuma ya malori, bado ana ovaroli, jasho linamtiririka.

"Kaka, hukuokota mpira. Mbona?"

"Nilisahau."

"Hakuna anayesahau hilo." Kijana alitazama huku na huku. Uso ulikuwa umemshuka. "Sikiliza. Zile sita, mimi nilikuwa... unajua. Lakini ya leo sikukupa. Wallahi sikukupa. Nilikaza mpaka mwisho, na ulinipita."

"Najua."

"Nataka nikawaambie."

"Ukiwaambia hilo, utawaambia na zile sita, na baba yako yuko jukwaani." Lorién alimfunga kijana kifungo cha shingoni kilichokuwa wazi. "Nenda ukachukue kikombe. Tabasamu ukipigwa picha."

Quim alifuta jasho kwa mkono wa ovaroli, kisha akaondoka.

Lorién alivaa miwani ya jua, akatia mikono mfukoni na kutoka kwa lango la kawaida, la wauza soseji, kwa mwendo wake uleule wa siku zote. Mwanamke mmoja wa mtaani kwao alimvuta mtoto wake kando ili Lorién asimguse akipita.