Swali la Kumi na Moja

Gracieuse akitoka shule hakuwa anafika nyumbani moja kwa moja. Yeye na mama yake waliishi ghorofa ya tatu katika jengo moja la matofali mtaani Sydenham, mjini Durban, na kabla ya kuifikia ghorofa hiyo ilimbidi apite milango mingi. Mlango huu aliitwa asome barua ya umeme, ule asome kadi ya kliniki, na mwingine aeleze mwalimu mkuu ameandika nini. Wapangaji wengi walikuwa wakimbizi kutoka Kongo kama wao. Walizungumza Kiswahili na Kifaransa, lakini Kiingereza kiliwapiga chenga. Gracieuse, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amekishika vizuri, na moyoni alijivunia sana kazi hiyo ya kuwasemea watu wazima.

Aliyempenda kuliko majirani wote ni Tantine Marie-Jeanne. Tantine ni neno ambalo watoto wa Kikongo humwitia shangazi au mama mdogo, na ingawa hawakuwa ndugu wa damu, hakuna aliyemwita vinginevyo. Alikuwa msusi kule Isipingo, karibu na kituo cha teksi. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na maneno yake yalikuwa machache.

Siku moja mwezi Machi mwaka 1999, Tantine alimwita Gracieuse ndani akafunga mlango. Mkononi alikuwa na barua iliyoandikwa kwa Kiswahili.

"Hii nimeisoma mwenyewe," alisema. "Inatoka kwa mama yangu."

Gracieuse alishtuka. Vita vilipofika Uvira, mji wao kule Kongo, mwaka 1996, Tantine na mama yake walipotezana katika msukosuko wa kukimbia. Tangu hapo hakuna aliyejua kama bibi yule yu hai. Sasa Msalaba Mwekundu walikuwa wamempata katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, Tanzania, na jirani yake wa kambini ndiye aliyemwandikia barua: *Jicho la kulia limeziba. Kwa la kushoto naona kama niko ndani ya moshi. Njoo, mwanangu, wakati bado naona.*

"Utaenda, Tantine?"

"Nitaendaje bila karatasi? Mkimbizi hana pasipoti. Iko hati ya kusafiria, serikali ya hapa inatoa. Lakini fomu ni ya Kiingereza, na karani naye atauliza maswali. Nataka wewe useme kwa ajili yangu."

Walingoja likizo ya Pasaka ili Gracieuse asikose masomo. Asubuhi na mapema wakajiunga na foleni mbele ya ofisi ya uhamiaji. Foleni ilikuwa imezunguka kona ya jengo, na watu wamekumbatia bahasha zao kama watoto wachanga. Nyuma yao alisimama Serge, kijana wa duka la simu aliyefahamika kwa kila Mkongo.

"Wewe ndiye msemaji leo?" Serge alimwinamia Gracieuse. "Sasa sikia. Wakiuliza kama aliwahi kupoteza karatasi, sema hapana. Ukisema ndiyo, eish, faili lake wanalitupa kwenye droo, na hutalisikia tena."

Tantine alikuwa mbele akizungumza na mlinzi, hakusikia. Gracieuse alisikia kila neno.

Zamu yao ilipofika, walikaa mbele ya dirisha la mama mmoja wa Kizulu aliyevaa miwani. Kibao kifuani kilisema jina lake ni Ngcobo. Aliuliza kwa sauti ya upole, akijaza fomu. Jina? Mahali pa kuzaliwa? Sababu ya safari? Gracieuse alitafsiri bila kusita. Kisha wakafika swali la kumi na moja.

"Je, amewahi kupoteza hati yoyote iliyotolewa na ofisi hii?"

Gracieuse alilitafsiri. Tantine alijibu palepale: "Ndiyo. Mwaka juzi kibali changu cha kwanza kilibaki ndani ya teksi kule Isipingo. Nilikwenda polisi, wakaniandikia karatasi."

Akilini Gracieuse alimwona bibi wa Kigoma katika moshi wake. Akaliona faili likitumbukia kwenye droo. Akamgeukia karani, akasema kwa Kiingereza safi, "Hapana. Hajawahi."

Bi. Ngcobo aliandika, kisha akafungua faili la zamani. Kalamu yake ikasimama. Alitoa karatasi yenye muhuri wa polisi, akaitazama, akamtazama Tantine.

"Hapa pameandikwa kibali kilipotea, akapewa kingine. Kwa nini anakana? Mtu asiyesema kweli kwenye fomu siwezi kuyapitisha maombi yake. Nitayaweka kando."

"Iko nini? Anasemaje?" Tantine aliuliza.

"Anasema... turudi siku nyingine," Gracieuse alijibu.

Walitoka nje. Tantine hakunung'unika hata kidogo. Alinunua robo ya mkate uliotobolewa katikati na kujazwa mchuzi wa maharage, chakula ambacho watu wa Durban hukipenda sana, akampa Gracieuse sehemu kubwa.

"Kula, binti yangu. Leo umenifanyia kazi kubwa. Nikimwona mama, nitamtajia jina lako."

Gracieuse alishindwa kumeza. Machozi yalimtoka katikati ya umati, akasema yote: maneno ya Serge, jibu la uongo, kisha uongo wa pili.

Tantine aliufunga mkate wake ndani ya karatasi. Teksi zilipiga honi, watu wakawapita. Gracieuse alitamani agombezwe.

"Nilisema ndiyo," hatimaye Tantine alisema taratibu. "Nawe ukasema hapana kwa sauti yangu. Sasa yule mama ananijua kama mwongo, na mimi sikudanganya."

"Nilitaka kukusaidia, Tantine."

"Najua. Basi nisaidie sasa."

Gracieuse alijifuta machozi. "Turudi. Nitamwambia mimi mwenyewe."

"Unaogopa?"

"Sana."

"Mimi pia," Tantine akasema, akamshika mkono.

Walipofika dirishani tena, Bi. Ngcobo alikuwa anakusanya mafaili yake. Gracieuse alisimama wima. "Samahani, mama. Tantine alisema ndiyo. Alieleza hadi habari ya polisi. Mimi ndiye niliyegeuza, nikidhani mtamnyima hati. Kosa ni langu, si lake."

Kabla karani hajajibu, Tantine aliinama karibu na kioo. Kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, neno moja baada ya jingine, akasema, "Nilipoteza. Teksi. Nilienda polisi. Mimi sema kweli."

Bi. Ngcobo alivua miwani. "Kupoteza karatasi si kosa," alisema. "Mtu akipoteza na akatoa taarifa, hiyo karatasi ya polisi ndiyo inayomtetea. Mngesema tangu mwanzo, tungekuwa tumemaliza." Alimtazama Gracieuse kwa muda. "Watu wazima wengi wakishatoka mlango ule hawarudi kukiri. Wewe umerudi." Akachomoa fomu mpya. "Haya, tuanze swali la kwanza."

Safari hii Gracieuse alitafsiri polepole, akibeba kila neno kama lilivyotoka.

Hati ilitoka mwezi Julai baada ya kufuatiliwa mara nne. Tantine alipanda basi la Johannesburg, akaendelea kaskazini nchi baada ya nchi, na kwa wiki sita jengo lote liliulizana habari zake. Aliporudi, wapangaji walijaa chumbani kwake hadi ngazini. Alisimulia kwamba mama yake alimshika uso kwa mikono miwili, akamsogeza karibu na jicho la kushoto, akacheka na kusema, "Umekonda, Marie-Jeanne!" Watu walipiga vigelegele.

Wageni walipoondoka, Tantine alimkalisha Gracieuse kando yake.

"Nilimweleza mama habari zako zote, hata ile ya swali la kumi na moja," alisema. "Aliniagiza nikwambie kitu, na mimi naongeza changu. Mtu akikupa maneno yake uyapeleke, amekupa heshima yake. Usiyapunguze wala kuyapamba, hata kama unampenda. Na siku ukikosea, rudi useme, kama ulivyorudi siku ile. Dirisha lile lilikuwa refu kuliko wewe, lakini ulisimama."

Gracieuse aliinamisha kichwa, uso ukimwaka kwa furaha. "Na bibi alisemaje?"

"Alisema, 'Huyo mtoto mwambie asiache kusemea watu. Sasa anajua uzito wa kazi hiyo.'"