Joho la Mchungaji Halikauki

Jua la Mvumi si la kubembelezwa. Ukianika shuka saa tatu, saa nne unaikunja. Sasa mwambie mtu kwamba joho la mchungaji limeanikwa asubuhi na hadi saa tisa alasiri linachuruzika, atakuuliza umeamkia nini. Debora alilikamua mara nne. Mara ya nne akanusa viganja vyake, vikanuka tope la mtoni, na yeye alikuwa amefulia maji ya bomba.

Miaka kumi na moja Debora, mzee wa kanisa, alikuwa akifua majoho ya wachungaji, na hakulazimishwa na mtu. Ilikuwa fahari yake. Hili lilikuwa la Mchungaji Oswald, aliyesimamishwa kazi baada ya Verdiana, mama yake Imani wa kwaya ya watoto, kumshtaki polisi na kanisani kwa alichomfanyia mtoto huyo. Alhamisi kamati ya nidhamu ingekaa Mikumi. Debora ndiye aliyemkuta Imani akilia chumba cha kuvalia, kwa hiyo aliitwa kuwa shahidi, na arudishe na joho, maana ni mali ya kanisa.

"Mama," sauti ikasema nyuma ya kamba, chini chini. "Umemaliza kufua?"

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na nyayo mbichi za miguu midogo, zimetoka kwenye kamba zikaishia kwenye beseni.

Sauti aliijua, na hapo ndipo penye aibu. Miaka miwili nyuma, saa kama hizo, Doto, binti wa Elizabeti, alisimama papo hapo akiminya ncha ya kanga. "Mama, nina neno kuhusu mchungaji." Dakika ile ile Debora alikuwa ametoka kuutoa kwenye mkono wa joho uzi mweusi wa kusukia nywele, ule ule uliokuwa kichwani kwa mtoto. Alijua. Jamani, alijua kabla mtoto hajafungua mdomo. Akasema, "Ngoja nimalize kufua." Akafua, akasuuza, akasuuza tena kilichokwisha kutakata, mpaka mtoto akachoka akaenda zake. Siku ya nne wakamtoa mtoni, na watu wakasema aliteleza.

Jumatano Debora alijifunika mtandio, akapitia uani kwa jirani yake, Mzee Nassir, msomaji wa kisomo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hata wewe wa kanisani umekuja kwangu?" Hakucheka sana. Alifukiza ubani, akasoma, akategea sikio upande wa kamba. "Yupo," akanong'ona. "Ila hakutumwa na mtu. Kuna mtu ulimwambia akusubiri?"

Debora akauvuta mtandio ukamfunika uso.

"Basi mimi simwezi. Lile alilotaka kulisema, kaliseme wewe kesho, mbele ya wanaohusika. Usibakishe kitu."

Mikumi walikaa ofisi iliyo nyuma ya kanisa, malori yakinguruma barabarani. Mwenyekiti alikuwa Mchungaji Tumwagile, mama mpole, kalamu mkononi. Joho lilikuwa kwenye mfuko wa plastiki miguuni pa Debora, na tone lilidondoka sakafuni, na jingine. Alieleza habari za Imani bila kuficha: mlango uliofungwa kwa ndani, kilio, blauzi iliyochanika. Matone yakapungua. Oswald aliinamisha kichwa.

"Asante, mama," Tumwagile alisema. "La mwisho. Kabla ya Imani, kuna mtoto mwingine aliyewahi kukujia?"

Harufu ya tope ikajaa chumbani, na Debora akaona kwamba akisema ndiyo ataulizwa yeye alifanya nini, na akisema alichofanya atavuliwa uzee, na Elizabeti, ambaye kila Jumapili hukaa naye benchi moja na kushikana mikono wakati wa sala, atajua kwamba mwanawe alikuja kuomba msaada akaambiwa angoje nguo, na vidole vya baridi vikamgusa kiwiko taratibu, kama mtoto anayemkumbusha mkubwa jambo.

"Hakuna," alisema.

Vidole vikaondoka. Alipoutazama mfuko, joho lilikuwa kavu.

Oswald alivuliwa uchungaji, na kesi ya polisi ikaendelea. Mvumi walimpigia Debora vigelegele. Elizabeti alimkumbatia mbele ya kanisa zima, akasema, "Laiti watoto wote wangekuwa na mama kama wewe." Debora alilia, wakadhani ni furaha.

Jumamosi iliyofuata alifua joho la mchungaji mpya. Jeupe, halina hata doa. Alipolinyanyua akaanike, mtu alikuwa amesimama nyuma yake, karibu kiasi cha maji ya nywele zake kumdondokea Debora shingoni.

"Mama. Umemaliza?"

Angeweza kujibu kwamba amemaliza, akaenda kulisema lile neno. Nyumba ya Elizabeti inaonekana kutoka pale kambani.

"Bado, mwanangu," alisema, akalirudisha joho majini.

Mikono yake sasa imechubuka. Wanawake wakipita humwambia, mama Debora, nguo hiyo imetakata tangu asubuhi. Naye hainui kichwa, anasugua tu.