Mkono Ulioachia Majini

Wazazi wenzangu, na nyinyi mnaolea watoto wa ndugu zenu, naomba mnisikilize kidogo. Shule yangu iliishia darasa la saba, sina la kumfundisha mtu kutoka vitabuni. Haya yametokea nyumbani kwa kaka yangu, na kila nikiwaogesha wanangu nayakumbuka.

Kaka yangu ni fundi pancha. Mbele ya kibanda chake ameweka karai kubwa la maji. Humo ndimo anamotumbukiza mpira wa ndani wa gurudumu ili aone mapovu yanatokea wapi, ajue tundu liko hapo. Binti yake wa mwisho tulimwita Chiriku, kwa sababu akiamka yeye na mdomo umeamka. Mbwa hakuwaogopa, giza hakuliogopa, ila maji. Ukimmwagia kichwani, mtaa mzima unajua kwamba leo Chiriku anaogeshwa. Mama yake, yaani wifi yangu, alifikia kumfuta nywele kwa kitambaa kibichi kama anayefuta meza.

Kaka akasema, "Huyu niachieni mimi."

Na nisiseme uongo, alianza vizuri sana. Hakumlazimisha. Alimkalisha kwenye kigoda kando ya lile karai, akamwambia, "Mama, macho yangu yamechoka. Nitafutie tundu."

Chiriku akainama kutazama mapovu. Siku zilivyokwenda akatia kidole, kisha mkono mzima, akawa analiziba tundu mwenyewe na kutangaza kwamba amelikamata. Mwishowe akatumbukiza uso wake, akapuliza majini, akainuka anatiririka.

"Baba, na mimi nina pancha."

Tulicheka jamani. Kaka alilirudia neno hilo kwa kila mteja.

Baada ya hapo akaanza kumpeleka kwenye bwawa la kuogelea la watu wote, nyuma ya uwanja wa mpira. Siku za mapumziko tulikwenda pamoja, mimi na wanangu tukikaa kwenye maji mafupi. Kaka alikuwa anamlaza kifudifudi, kiganja chake chini ya tumbo la mtoto, naye anapiga miguu. Wakawekeana ahadi.

"Sikuachii mpaka useme mwenyewe niachie. Sawa mama?"

"Hata nikichelewa kusema?"

"Hata ukichelewa mpaka uolewe."

Mtoto akawa anaendelea. Shingo ililegea, miguu ikajifunza. Wifi akiuliza kutoka ukingoni, "Bado tu?" kaka anajibu kwa raha, "Bado hajasema." Ningependa hadithi yangu iishie hapo.

Siku moja wakaja rafiki zake wawili, dereva wa lori la mchanga na fundi wa kuchomelea vyuma. Wakakaa ukingoni, miguu majini.

"Fundi," dereva akasema, "huyo ni mtoto au yai?"

"Mwache bwana," mchomeleaji akajibu. "Si unaona anaatamia?"

"Mimi baba yangu alinirusha mtoni, nikatoka naogelea."

"Ndiyo maana mpaka leo ukiona sabuni unakimbia."

Wakacheka, na watu wa jirani wakacheka. Wifi akasema taratibu, "Baba Chiriku, usiwasikilize hao." Kaka alitabasamu, lakini namjua, nimekua naye. Tangu utoto akichekwa masikio yake hayatulii. Akawatazama rafiki zake, mtoto hakumtazama. Kisha akautoa mkono.

Chiriku akazama. Haukuwa muda mrefu, ni kama mtu apige chafya na kujifuta. Kaka akamvuta, akamwinua juu kama kikombe cha ushindi.

"Umeona? Hujafa."

Wale wawili wakapiga makofi. Mtoto alikohoa maji yakamtoka puani. Hakulia. Alipopata pumzi akamtazama baba yake akasema, "Sikusema."

"Hukusema nini, mama?"

"Sikusema niachie."

Kaka akacheka, akasema yamekwisha hayo, akamnunulia biskuti. Mtoto aliipokea kwa adabu, akaishika tu mpaka ikalainika mkononi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi tunapokosea. Kwamba alikataa tena kusogelea karai, hilo tulilitegemea. Lakini haikuwa maji tu. Baba akitaka kumpakia kwenye baiskeli, anasema atatembea na mama. Akiumwa, baba akimwambia dawa si chungu, anasubiri mama aonje kwanza. Wifi alimwambia kaka, "Mtoto amekutoka huyu. Kaa naye, muombe radhi."

"Nimuombe radhi mtoto mdogo vile? Anadeka tu. Atasahau."

Msimu wa mvua ukaingia. Mchana mmoja ilinyesha mpaka mfereji ulio kati ya shule anakosoma Chiriku na barabara ukafurika, na mbao za kuvukia zikachukuliwa na maji. Kaka aliacha gari la watu limeinuliwa kwa jeki, akakimbilia shuleni. Wazazi wengine walikuwa tayari majini, wanawapokea watoto mmoja mmoja. Dereva wa lori naye alikuwepo, amembeba wake mgongoni.

Kaka akaingia, maji yakamfika mapajani, akanyoosha mikono. "Njoo mama, nakushika."

Chiriku akarudi nyuma. "Namsubiri mama."

"Mama yuko kazini. Njoo, maji yanaongezeka."

"Utaniachia."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayetaja jina lake. Waliokuwepo walilisikia, na dereva alikuwa wa kwanza kuinamisha kichwa.

Kaka akaapa, akapanda ukingo amfuate. Mtoto kuona anafuatwa, akakimbia kandokando ya mfereji atafute njia yake mwenyewe. Udongo ukamegeka. Maji yakamsomba mpaka kwenye nondo za kalavati chini ya barabara, mguu ukanasa, na hapo ndipo baba yake alipomfikia. Alimtoa mzima, tunamshukuru Mungu. Ila mguu ulivunjika vibaya, na daktari ametuambia tusitegemee atembee kama zamani.

Hospitali, walipotaka kuunyoosha ule mguu, muuguzi alimwambia kaka amshike mtoto mkono, maana itauma. Kaka akampa mkono. Chiriku akautazama, akageuka, akashika chuma cha kitanda.

Kaka alibaki ameunyoosha mkono wake vile vile mpaka muuguzi akamwomba apishe.

FUNZO

Ndugu zangu, tunasema ahadi ni deni, lakini deni lenyewe tunawalipa wakubwa tu. Mtoto tunamdanganya kwenye sindano, kwenye dawa, kwenye maji, kisha tunasema atasahau. Mtoto mwenye hofu haogelei kwa sababu maji yamepungua, anaogelea kwa sababu anauamini mkono ulio chini yake. Ukimwambia hutamwachia, usimwachie, hata ukichekwa na bwawa zima. Na ukiteleza ukamwachia, muombe radhi siku hiyo hiyo, ungali na nafasi. Kaka yangu ameomba sasa, tena kwa machozi. Chiriku alimwitikia, "Sawa baba." Lakini mkono bado hajampa.