Rimoti ya Tatu

Gari lilijifunga lenyewe saa saba mchana, hakuna mtu karibu. Klak. Milango yote minne kwa mpigo, halafu kimya.

Fundi wa umeme wa magari, ambaye gereji nzima ilimwita Fyuzi kwa sababu alikuwa anaungua haraka, alikuwa amekaa hatua kumi hivi kutoka hapo, anakula. Rimoti zote mbili za gari lile zilikuwa mezani mbele yake. Zote alizitoa betri tangu asubuhi. Akaacha kutafuna.

"Umesikia hiyo?"

Aliyeulizwa ni Mama Viti, mshona viti vya magari mwenye banda la pembeni yake. Huyo mama alijulikana kwa mambo mawili: mshono usiofumuka, na watu waliokuja kumwona jioni kwa shida ambazo hawakupenda kuzitaja mbele za watu.

"Nimesikia," alisema, macho kwenye cherehani. "Ila sijaulizwa chochote kuhusu gari hilo, kwa hiyo sisemi chochote."

"Ni waya tu, mama."

"Haya. Ni waya."

Lingekuwa gari la mteja, Fyuzi angeshalirudisha na kusema rimoti mbovu, tafuta nyingine. Lakini lilikuwa la dada yake, nesi, aliyeishi peke yake na mtoto wake wa kike wa miaka mitano. Mara ya kwanza gari lilimfungia mtoto ndani dakika mbili, wakacheka. Mara ya pili, juani, dakika ishirini. Mtoto alitolewa amelowa jasho kama kachovywa kwenye ndoo, macho yamepinduka. Kesho yake dada alikuja gereji na sare yake ya kazi, hakukaa hata kwenye kiti.

"Mdogo wangu, mimi nina huyu mmoja tu. Kama huwezi, sema sasa hivi, niliuze kama vyuma."

"Naweza, dada."

Siku tatu sasa. Kabadilisha betri za rimoti. Kafungua ile mipira ya mlangoni ambamo waya hupinda kila mlango ukifunguliwa, mpaka zinakatika ndani kwa ndani na nje zinaonekana nzima. Katikisa waya mmoja mmoja, wapi. Katoa mota za loki, kapima fyuzi, kasafisha hata vumbi ambalo halikuwa na kosa. Kila kitu kizima. Hitilafu ya kuja na kuondoka ndiyo inawazeesha mafundi: ukiwa na kipimo mkononi haipo, ukigeuka kunywa maji ipo. Na kwa sababu hiyo mafundi umeme wana tabia moja ambayo watu wengine hawana. Wanaongea nayo. Wanaibembeleza, wanaitukana, wanaiambia ije. Fyuzi alifundishwa hivyo na aliyemfundisha kazi, na hajawahi kufikiri ni jambo la kufikiriwa.

Baada ya kula alinawa, akarudisha betri kwenye rimoti, akaamua kuanza upya. Magari ya aina ile unaweza kuyafundisha rimoti zake. Unaingiza kwenye mashine ya kusomea gari kwamba sasa lijifunze, halafu una sekunde kumi. Kila rimoti utakayobonyeza gari linaikubali, linakujibu kwa kufunga na kufungua loki mara moja. Mashine aliiweka nje kwenye stuli, akapitisha kebo yake dirishani, kioo akikiacha wazi vidole viwili.

Akabonyeza ya kwanza. Klak-klak. Ya pili. Klak-klak.

Zikabaki sekunde nne. Jasho lilikuwa linamwingia machoni, na siku tatu zilikuwa zimemkaa shingoni.

"Haya wewe mwingine," alisema, nusu utani nusu matusi. "Kama upo, njoo. Njoo hapa nikuone, nimeshachoka kukutafuta."

Klak-klak.

Aliangalia mikono yake. Rimoti mbili, vidole mbali na vitufe. Kupitia lile pengo la kioo ikatoka harufu ya nywele zilizoungua, nyembamba, kama ya mtu aliyepita na kwenda zake. Kwenye mashine palikuwa pameandikwa: funguo zilizosajiliwa, tatu.

Cherehani ya Mama Viti ilikuwa imenyamaza.

"Umesemaje hapo?" aliuliza, na safari hii alikuwa amesimama.

"Sijasema kitu."

"Nina masikio, kijana. Umesema njoo. Ulitaja unamwita nani?"

"Naita hitilafu. Sisi wote tunaongea hivyo."

"Hukutaja." Aliushusha uzi aliokuwa ameushika mdomoni. "Kilikuwa kinazunguka gari hilo kama mbwa asiye na kwao, kinachungulia tu. Sasa umekipa ufunguo."

Fyuzi alitaka kucheka, mdomo ukakataa. "Naweza kukifuta. Kitufe kimoja tu hapa, zinafutika zote."

"Usiguse." Alimshika mkono, na kiganja chake kilikuwa cha baridi. "Jini halifutwi, linahamishwa. Unaliuliza kwanza linataka kwenda wapi, mnapatana, ndipo unaondoa. Ngoja nikachukue vitu vyangu nyumbani. Na mtu yeyote asiingie humo."

Alitoka akitembea haraka kuliko unene wake. Hazikupita hata dakika tano, dada akatokea getini na mtoto wake, amewahi kutoka kazini.

"Mjomba!" mtoto alimkimbilia, akamkumbatia mguu.

"Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo. Gari limepona?"

"Bado linatibiwa."

"Bado?" dada alidakia. "Umeniambia leo. Zamu yangu kesho ni ya alfajiri, nitamfikishaje huyu kwa mlezi bila gari?"

"Dada, sogea huku kidogo nikwambie kitu, na usinicheke."

Walisogea hatua nne tu. Nne. Akaanza kumweleza habari za rimoti ya tatu, na dada akawa anamwangalia kama anavyoangalia wagonjwa wenye homa, ndipo nyuma yao mlango wa gari ukafunguka taratibu, wenyewe, kama mtu anapokufungulia kwa heshima, na waliposikia ukijifunga mtoto alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma.

Klak.

Fyuzi alibonyeza rimoti, haikufanya kitu, akabonyeza ya pili, akachomeka ufunguo mlangoni akauzungusha ukazunguka na kurudi wenyewe mkononi mwake kama kuna mtu upande wa pili anauzungusha kinyume, akachukua nyundo akaipiga kwenye kioo na nyundo ikaruka nyuma bila kuacha hata alama, na ule upenyo wa vidole viwili ukaanza kupanda, polepole, kioo kikapanda mpaka kikaibana ile kebo, na ndani vioo vyote vikaanza kufuka ukungu kwa pumzi, pumzi nyingi mno kwa mtoto mmoja, mpaka kikabaki kiganja kidogo tu kinapapasa kwenye kioo cha nyuma, na dada hakuwa anapiga kelele, alikuwa anasema jina la mtoto wake kwa sauti ya chini, mfululizo, mdomo ukigusa kioo.

Mama Viti alikuwa anarudi, yuko getini na mfuko wake.

"Usifute," alisema akihema. "Nipe muda niliulize."

"Muda gani? Anakufa huyo."

"Ukilifuta tu litakwenda kwa aliye karibu. Nisikilize, mwanangu."

Kiganja kwenye kioo kikateleza chini, kikapotea.

Fyuzi akabonyeza. Mashine ikasema: funguo zilizosajiliwa, sifuri.

Milango yote ikaachia. Dada alimvuta mtoto nje, akamlaza chini, akaweka sikio kifuani. Mtoto akakohoa, akafungua macho, akaangalia watu wote kwa utulivu. Wote walilia, hata yule fundi rangi wa banda la mbele ambaye hajawahi kulia. Mama Viti peke yake hakulia. Alimwangalia mtoto muda mrefu, halafu akamwambia Fyuzi kwa sauti ya chini:

"Mwangalieni usiku na mchana. Mimi sina la kuuliza tena, mlango nilioujua umeshafungwa."

Saa tisa, wakiwa njiani kwenda nyumbani kwa miguu, mtoto aliacha kupumua. Alikuwa mgongoni kwa mjomba wake, na Fyuzi alihisi kifua kidogo kikisimama. Kabla hajageuka, kikaendelea. Wakampeleka hospitali anakofanya kazi dada. Daktari alimpima nusu saa nzima, akamwekea kifaa kidoleni, akasikiliza mapafu mbele na nyuma. Mzima. Akasema ni hofu ya mama, akawaruhusu. Kwenye ngazi za hospitali, mtoto akasimamisha pumzi tena; walipomrudisha ndani, kipimo kikasema mzima.

Saa kumi na moja jioni mtoto alikuwa amelala kitandani kwa mama yake, jua likiingia dirishani. Dada alikuwa na vidole viwili shingoni kwake na macho kwenye saa ya ukutani. Mara ya kwanza pumzi ilikatika sekunde ishirini. Kisha thelathini na tano. Kisha hamsini. Midomo ikawa ya rangi ya majivu. Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua.

"Zinaongezeka," dada alinong'ona. "Akilala usingizi hasa, sijui."

Mtoto akafungua macho.

"Mjomba. Anasukuma."

"Nani anasukuma, mama?"

"Huyo wa kwenye gari. Alisema hana pa kukaa, akaingia hapa." Akagusa kifua. "Sasa anataka kwenda kwa mama. Nimemkatalia. Nimefunga."

"Unafungaje?"

"Nabana pumzi." Machozi yalimtoka bila sauti. "Lakini nimechoka."

Dada akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Fyuzi alimwangalia, akamwangalia mtoto.

"Dada, kamletee maji."

"Siwezi kumwacha."

"Maji tu. Jikoni hapo. Nenda, na urudishe mlango."

Alipotoka, Fyuzi alipiga magoti, akasogeza uso wake mpaka pua zao zikakaribia kugusana.

"Mfungulie."

"Atatoka, mjomba."

"Najua. Mimi ndiye niliye karibu."

"Wewe utafunga?"

"Nitafunga."

"Usichoke."

Mtoto akafungua kinywa. Hakikuonekana kitu. Ila pazia lilivutika kuelekea kitandani wakati hapakuwa na upepo, na Fyuzi akavuta pumzi ndefu, ndefu kuliko kifua cha mtu, halafu akafumba mdomo, akabana pua kwa vidole.

Dada aliporudi na kikombe alimkuta mwanaye amekaa, mashavu yana rangi, anataka chakula. Kikombe kilimponyoka.

"Umefanyaje? Mdogo wangu, umemfanyaje?"

Fyuzi alitikisa kichwa, mdomo umefumbwa. Alimgusa mtoto kichwani, akampita dada yake kwa mbali, mgongo ukisugua ukuta, akatoka mlango wa mbele.

Dada alimwona dirishani. Fyuzi hakukimbia. Alivuka barabara, akapita nyumba ya mwisho, akaelekea kule kwenye uwanja mtupu ambako hapakai mtu, mkono mmoja puani, mishipa ya shingo imesimama kama kamba. Bila kukusudia, kwa mazoea ya kazi yake, dada akaanza kuhesabu sekunde.

Alifika mia na arobaini. Kifua cha mdogo wake kilikuwa bado hakijapanda, na alikuwa bado anatembea.