Mkia wa Msafara

Rafiki yangu fundi saa si mtu wa kuzusha. Hata kipaji hicho hana. Mwaka jana alijiunga na msafara wa baiskeli wa siku nne, kisiwa hadi kisiwa, kuchangia wodi ya watoto. Kamati, yenye wajumbe wengi kuliko baiskeli, ilimteua kuwa mkia: aende nyuma ya wote, asivuke popote kabla ya mwingine yeyote. Kwa maandishi, tena kwa mhuri.

Siku ya tatu, jioni, wingu la mvua lilileta giza mapema. Alikuwa katikati ya barabara nyembamba inayounganisha visiwa viwili, ile ambayo maji yakijaa huifunika, aliposikia kengele ya baiskeli nyuma yake. Akampigia simu katibu, aliyekuwa ng'ambo na orodha.

"Kuna mtu nyuma yangu."

"Nyuma ya mkia? Acha mzaha, ndugu yangu. Wote thelathini na mmoja wamefika, umebaki wewe. Kanyaga, maji yanapanda!"

Kengele ikalia tena. Akaita, hakujibiwa. Angemwachaje mtu azame? Akasubiri mpaka maji yakamfika magotini, huku cheni asiyoiona ikikwaruza gizani, taratibu, bila haraka yoyote. Hapo ndipo alipokokota baiskeli yake akakimbia.

Alipofika ng'ambo, barabara yote ilikuwa bahari. Katibu alikuwa ameinamia orodha, anamwekea alama. Wala hakuinua macho.

"Sogea basi, mpishe mwenzako."